Mashine Isiyosema Hapana

Mteja wa Domitille hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya angemfukuza mapema na mambo yangeishia hapo. Shida ya Mkurugenzi Polycarpe ilikuwa kwamba alikuwa na maoni, na maoni yalimjia kila alipokunywa chai, naye alikuwa mnywaji mkubwa wa chai.

Mwaka ule wa 2001 waasi walikuwa wameushika mji wa Bukavu. Mashamba ya chai ya kule juu yalikuwa yamerudi kuwa kichaka, na watu waliosoma walishinda kwenye soko la Nyawera wakiangalia wachukuzi wakipandisha magunia, huku wakijifanya wanamngoja mtu. Wafadhili wa Ulaya wakaona huruma. Wakaleta kompyuta moja, genereta moja na barua ndefu ya maelezo. Kituo kikafunguliwa katika nyumba ya kupanga juu kidogo ya soko, kikaitwa Kazi Kwanza, na Polycarpe, mwalimu wa zamani wa Kilatini, akawa mkurugenzi. Mtu asiye na kazi angeingia, angekaa mbele ya kompyuta, angesema anajua nini, na kompyuta ingemwonyesha nafasi zilizopo mjini. Ilikuwa bora kuliko kusoma karatasi zilizobandikwa ukutani, ambazo mara nyingi mvua ilizisoma kwanza.

Kubuni uso wa mashine hiyo, yaani maneno na vitufe ambavyo mtu angeviona kwenye kioo, alipewa Domitille. Alikuwa amemaliza masomo ya kompyuta hapo hapo mjini, na alikuwa na sababu yake ya kuitaka kazi hiyo iende vizuri. Baba yake, Papa Venant, alikuwa mkuu wa wafanyakazi katika kiwanda cha chai hadi vita vilipokifunga. Tangu hapo alikuwa akikaa nyumbani na koti lake la kijivu, akilipiga pasi kila Jumapili, na kila mwezi alizungumza kidogo kuliko mwezi uliopita. Domitille alitaka jambo moja tu duniani: baba yake apate kazi kabla hajanyamaza kabisa.

Uso wa kwanza ulikuwa safi. Andika jina lako. Chagua unachojua. Bonyeza TAFUTA. Domitille aliupenda mwenyewe, akamwita Polycarpe auone.

Polycarpe aliutazama muda mrefu, kikombe mkononi.

"Domitille, mutoto yangu, hii machine haina adabu. Mutu anaingia, ata jambo haimuambie? Inamuuliza tu unajua nini, unajua nini, sawa askari wa bariere mu barabara."

"Ni machine, Papa Directeur. Machine haisalimiaka."

"Basi yetu itasalimia."

Mashine ikafundishwa kusalimia. Polycarpe akarudi na maoni mengine: salamu bila habari za nyumbani ni salamu gani? Ikaongezwa HABARI YA NYUMBANI, na chini yake vitufe viwili vya kujibu, MUZURI na MUZURI KIDOGO. Domitille aliuliza kama aweke pia MBAYA. Polycarpe alimwangalia kwa mshangao wa kweli, kwa maana katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia mtu mzima akijibu hivyo kwenye ofisi ya watu.

Kisha yakaja maoni ya rangi. Kijani ilikumbusha nguo za jeshi. Nyekundu ilikumbusha mambo ambayo Polycarpe hakutaka kuyataja. Nyeusi ilikuwa ya kilio. Wiki nzima ilikwenda, na mwishowe mashine ikawa na rangi ya chai ya maziwa, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Juu kulia ikawekwa picha ya Polycarpe akitabasamu. Yeye alieleza kwamba haikuwa kwa ajili ya sifa, ni ili watu wasiogope.

Domitille aliyameza yote hayo. Mteja ni mteja, na rangi ya chai haijamuua mtu. Lakini siku Polycarpe alipojaribu mashine mwenyewe, akaandika kwamba yeye ni mwalimu wa Kilatini anayetafuta kazi, na kioo kikajibu HAKUNA KAZI, karibu aangushe kikombe.

"Domitille! Unafukuza mutu?"

"Ni ukweli, Papa Directeur. Kazi ya Kilatini haiko."

"Ukweli iko muzuri, sikatae. Lakini unamuuliza mutu habari ya nyumbani, anakujibu muzuri, alafu unamupiga na hapana mu uso? Sisi hatusemaka hapana kwa mugeni. Papa yako alikuwa anapokea batu wa kutafuta kazi kule kwa chai. Alikuwa anabaambia nini?"

Domitille alikumbuka vizuri. Alipokuwa mtoto, siku za likizo, alikuwa akikaa pembeni ya meza ya baba yake kiwandani akichora. Kila Jumanne watu walikuja kuomba kazi, wengine kwa miguu kutoka mbali sana. Papa Venant aliinuka, akampa kila mmoja mkono, akamuuliza habari za mashamba na watoto, kisha akasema kwa sauti nzuri, ya chini: "Tutaona. Murudie mardi." Na mtu alitoka akiwa na heshima yake yote. Nani asiyejua maana ya maneno hayo? Hata mtoto wa Bukavu anajua kwamba mkubwa akikuambia urudi Jumanne, amekwisha kukujibu.

Akaandika: TUTAONA. URUDI JUMANNE. Polycarpe akasoma, akafumba macho kama mtu aliyesikia wimbo wa kanisa.

"Sasa njo mutu anaongea," akasema.

Domitille alifurahi siku hiyo. Aliona kama ameirudisha sauti ya baba yake kazini, hata kama mwenyewe bado yuko nyumbani.

Kituo kilifunguliwa, na Papa Venant akaja kati ya wa kwanza. Mlangoni alikutana na mlinzi aitwaye Floribert, mtu mrefu, mpole, ambaye ndiye aliyepata kazi ya kwanza iliyotolewa na mashine, na hadi wakati huo ndiye wa pekee: alitafuta kazi, mashine ikamwonyesha kwamba kituo chenyewe kinahitaji mtu wa kulinda foleni yake. Floribert alisimama wima.

"Pita, Chef," alimwambia Papa Venant.

Papa Venant aliupokea ukubwa huo kwa kichwa, akaamini ni kwa ajili ya koti.

Alikaa mbele ya kioo. Mashine ikamwamkia kwa jina. Ikamuuliza habari ya nyumbani, akafikiri, akabonyeza MUZURI KIDOGO. Akachagua kazi yake: kusimamia watu. Mashine ikafikiri sana, kwa kuwa genereta lilikuwa dhaifu, kisha ikasema: TUTAONA, PAPA VENANT. URUDI JUMANNE.

Jioni hiyo alirudi nyumbani akipiga mluzi. Domitille alikuwa hajausikia mluzi huo tangu vita vianze. Moyo wake ulipasuka mara mbili, kwa furaha na kwa hofu.

"Papa," akasema taratibu, "unajua vile 'tutaona' inamaanisha."

"Ya mutu, ndiyo. Najua kupita wewe, mi njo nilikuwa naisema." Papa Venant alivua koti, akalitundika kwa uangalifu. "Mutu iko na haya, anaogopa kukuumiza. Machine inaogopa nini? Haina shemeki, haina kabila, haikukula kitu yangu. Ikisema mardi, ni mardi."

"Lakini ile neno niliandika mimi."

"Uliandika, sawa. Lakini yeye njo anafikiri. Niliona vile alifikiri, muda murefu." Kisha akasema kitu ambacho Domitille alikibeba moyoni siku nyingi. "Na iliniuliza habari ya nyumbani. Tangu vita, hakuna bureau yoyote iliniuliza ile."

Basi ndivyo ilivyokuwa: mashine haina haya, kwa hiyo haidanganyi, tena ina adabu, kwa hiyo inapenda watu. Wajanja wa mji mzima waliingia mtego huo kwa mlango mmoja. Watu waliokuwa wakicheka wakiambiwa "tutaona" na mkubwa mwenye tai walipiga pasi mashati yao kwa sababu kompyuta ya rangi ya chai imewaambia warudi. Kila Jumanne foleni iliteremka hadi sokoni. Wauza mandazi waliijua Jumanne kuliko siku ya mishahara, ambayo kwa kweli watu walikuwa wamekwisha kuisahau. Polycarpe alisimama dirishani na kikombe chake, akaandikia wafadhili kwamba wananchi wana imani. Hakudanganya.

Papa Venant alirudi Jumanne iliyofuata. Mashine ikamwambia arudi Jumanne. Akarudi. "Dossier inatembea," alimwambia bintiye, naye Domitille, aliyeijua njia yote ya faili hilo kutoka kitufe hadi neno, akamwongezea ugali.

Ndipo Sista Colombe alipotuma habari. Alikuwa na shule ya wasichana huko Muhungu, na mtunza ghala wake alikuwa amekimbilia Burundi. Alihitaji mtu mwaminifu wa kupokea mahindi na maharage, kuyagawa, kufunga mlango na kutoibiwa. Si ukuu wa wafanyakazi, lakini ilikuwa kazi ya kweli, yenye meza na funguo. Alimfahamu Papa Venant kutoka parokia, akamfikiria kwanza. Lori la mahindi lingefika Jumanne asubuhi. Mtu aanze Jumanne asubuhi.

"Mardi siwezi," alisema Papa Venant. "Mardi niko na rendez-vous."

"Na machine?" Domitille alipaza sauti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia baba yake.

"Nilikubali kama nitarudia. Mutu akikuambia rudia, unakosa kwenda, atasema nini juu yako? Nitaenda kwa Ma Soeur mercredi."

Domitille alijua kwamba lori halingengoja Jumatano, na kwamba watu wa kuishika kazi hiyo walijaa kutoka Muhungu hadi Nyawera. Asubuhi alikimbia kwa Polycarpe, akamweleza yote bila kuficha. Aliomba jambo dogo tu: mashine iseme hapana. Iseme kwa upole, iseme na pole juu yake, lakini iseme.

Polycarpe alimsikiliza kwa huruma kubwa. Macho yake hata yalilowa kidogo. Kisha akamshika bega.

"Tutaona, Domitille," akasema.

Domitille akatoka ofisini humo akiwa amejibiwa, na akiwa na heshima yake yote. Alitamani kuvunja kitu.

Tena haikuwa Jumanne ya kawaida. Bibi wa wafadhili alikuwa anakuja kutoka Ulaya, akipitia mpakani Ruzizi, kuiona mashine kwa macho yake. Polycarpe alitaka mtafuta kazi wa kuonyesha, mtu msafi, mwenye Kifaransa kizuri. Hakuhitaji kutafuta mbali. Koti la kijivu lilipigwa pasi mara mbili wiki hiyo.

Siku hiyo Domitille alifika kabla ya wote. Floribert alimfungulia, akamwashia genereta. Domitille alikaa mbele ya kioo, akayafuta maneno ya baba yake kana kwamba anamfuta mwenyewe. Akaandika mengine. Alijua kwamba anaweza kufukuzwa kwa hilo. Alichohesabu ni kwamba maonyesho yangeanza mapema, baba angejibiwa, na angewahi lori.

Lakini bibi wa wafadhili alizuiwa mpakani. Askari walitaka kujua kamera yake inatoka wapi na inakwenda wapi. Saa zikapita. Papa Venant alikaa kwenye benchi la mbele, mikono juu ya magoti. Domitille alimsihi aende Muhungu kwanza kisha arudi. Akamjibu kwamba mtu haachi nafasi yake kwenye foleni akiwa wa kwanza. Jua lilikuwa limepanda juu ya ziwa bibi alipoingia, amechoka, akitabasamu kwa bidii.

Polycarpe alitoa hotuba. Hotuba ikaisha, ingawa ilichukua muda kuamua. Papa Venant akaitwa, akaketi. Mashine ikamwamkia. HABARI YA NYUMBANI? Alibonyeza MUZURI, bila kidogo, kwa ajili ya wageni. Akachagua kazi yake. Chumba kizima kikangoja. Genereta likakohoa, na maneno yakatokea, makubwa, kwenye rangi ya chai ya maziwa:

HAPANA, PAPA VENANT. HAKUNA KAZI YAKO HAPA. POLE.

Waliokuwa dirishani wakawasomea waliokuwa nyuma, na neno likashuka kwenye foleni hadi sokoni, na kule sokoni wauza mandazi wakaanza kufunika mabeseni yao.

Bibi wa wafadhili aliinama karibu na kioo. Hakujua Kiswahili. Aliuliza kwa Kifaransa mashine imesema nini.

Polycarpe alijifuta paji la uso.

"Inasema tutaona," akatafsiri. "Inasema arudi Jumanne."

Bibi alipendezwa sana. Alisema kwamba kule kwao mashine zinajibu kwa ukatili. Polycarpe akainama kwa Domitille, akanong'ona bila kuacha kutabasamu: "Rudisha ile neno. Sasa hivi."

"Tutaona, Papa Directeur," alijibu Domitille, akatoka mbio.

Kwa maana baba yake alikuwa ameinuka. Alikuwa amesoma mara ya pili, polepole, kama mtu anayesoma jina kwenye msalaba wa kaburi. Akaiambia mashine "aksanti", akavaa kofia, akatoka bila kumwangalia mtu. Domitille alimkuta mlangoni, amesimama mbele ya Floribert.

"Chef," Floribert alikuwa anauliza, "ni kweli imesema apana?"

"Imesema hapana."

"Ah." Floribert alifikiri. "Njo muzuri, Chef. Mutu anajua pa kwenda. Mimi uliniambiaka murudie mardi."

Papa Venant alimwangalia kwa mara ya kwanza, akaona uso wake badala ya kofia ya mlinzi.

"Wapi?"

"Kule kwa chai, mbele ya vita. Nilikuwa natoka kwetu usiku juu nifike asubui. Nilirudia mardi, nikarudia mardi ingine. Nilirudia mpaka vita ikaingia." Hakukuwa na hasira yoyote katika sauti yake, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Lakini kila mutu anajua," alisema Papa Venant. "Tutaona ni tutaona. Hukujua?"

"Batu baliniambia. Lakini ulikuwa unanipa mukono, Chef. Uliniuliza habari ya batoto. Nikasema, mutu wa vile hawezi kunidanganya."

Papa Venant akashika njia ya Muhungu karibu kwa kukimbia, na Domitille nyuma yake, akimshika mkono penye matope.

Lori lilikuwa uani kwa Sista Colombe, tupu. Mlango wa ghala ulikuwa wazi, na ndani kijana mwenye kalamu sikioni alikuwa anahesabu magunia, funguo zikining'inia kiunoni. Sista alitoka mbio, akamshika Papa Venant mikono yote miwili. Alimuuliza habari ya nyumbani. Alimuuliza mgongo wa mkewe unaendeleaje. Alimwambia Domitille amekuwa mwanamke. Kisha akatazama chini, na sauti yake ikawa nzuri, ya chini.

"Papa Venant, kwa ile kazi... tutaona. Murudie mardi."

Domitille aliona koti la kijivu likishuka mabegani, kidogo tu, kisha likanyooka tena.

"Ma Soeur," alisema Papa Venant, "tafazali. Uniambie hapana."

"Eh, Papa, mi siwezi..."

"Uniambie tu. Itanisaidia."

Sista Colombe alikuwa jasiri. Siku moja alikuwa amewafungia wanajeshi mlango wa bweni, akakaa juu ya ngazi hadi wakaondoka. Hata hivyo neno hilo lilimchukua muda. Machozi yalikuja kabla yake.

"Hapana, Papa Venant. Nilikungoja mpaka saa ine. Nikaipana kwa ule kijana."

"Aksanti," akasema Papa Venant. Alimpa mkono, akavua kofia, akatoka.

Walishuka hadi kona ambapo ziwa linaonekana. Hapo baba alisimama kupumzisha magoti.

"Ile hapana ya machine, ni wewe?"

"Ni mimi, Papa."

"Ulichelewa."

Domitille alianza kulia barabarani, mbele ya watu, na hakujali. Alikuwa ametengeneza mashine yote kwa ajili ya mtu mmoja, akasikiliza maoni yote isipokuwa ya moyo wake mwenyewe. Baba yake alimwacha alie. Hakumwambia anyamaze wala kwamba mambo yatakuwa sawa. Alitoa kitambaa mfukoni mwa koti, akampa, akangoja.

"Yule muzamu wa mulango," akasema baadaye, "anaitwa nani?"

"Floribert."

"Floribert." Alilirudia jina mara mbili, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha akaweka kofia yake sawa, akageuka kuelekea Nyawera. "Tuende. Mimi njo nitarudia kwake. Leo ni mardi."